Sikio la bibi kizee: kuiingiza hadithi nzima kwenye picha moja ya rangi ya mafuta

Swali

Shikamoo, mwalimu. Nipo Igoma, Mwanza, nachora picha za vitabu vya watoto kwa penseli na rangi ya maji. Nataka kuchora hadithi ya Masalakulangwa na Shing'weng'we kwa rangi ya mafuta, picha moja tu, sentimita 60 kwa 90. Nimejaribu mara mbili. Ya kwanza imetoka kama ukurasa wa kitabu uliokuzwa, haina uzito. Ya pili imekuwa matope matupu, na huu ni mwezi wa tatu bado inanata kidoleni. Wanaochora hadithi kwa mafuta wanapata wapi wazo, na wanapita hatua zipi mpaka picha inasimama?

Jibu

Marahaba. Una magonjwa mawili, na hayana uhusiano. La kwanza lilianza kabla hujafungua tyubu hata moja. La pili limo kwenye paleti na kwenye chupa yako ya mafuta. Nitakaa zaidi kwenye la kwanza, maana la pili lina dawa fupi.

Kwa wasomaji ambao hawakulelewa Usukumani: Shing'weng'we ni zimwi lililomeza watu na mifugo ya nchi nzima. Akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha. Akajifungua mtoto wa kiume, Masalakulangwa, ambaye alipopata akili akauliza watu wako wapi. Alipoambiwa, akaanza kuwinda. Akaleta panzi: mama, ndiye huyu? Siye. Akaleta ndege, siye. Mwishowe akalipata zimwi lenyewe, akaliua, akalipasua tumbo, watu wakatoka hai. Ila kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja, na bibi yule hakusamehe. Kila msimulizi ana yake ya kuongeza, lakini kiini ni hicho.

Ningeweka dau kwamba picha yako ya kwanza ilionyesha zimwi likichomwa mkuki. Karibu kila mtu hukimbilia hapo, na kitabuni hakuna kosa, kwa sababu ukurasa uliotangulia umeshamwambia mtoto nani ni nani, na ukurasa unaofuata utamwonyesha watu wakitoka. Picha ya ukutani haina ukurasa wa kabla wala wa baada. Ukichora kilele cha pigo, mtazamaji anaona kijana anaua mnyama, basi. Hajui kwa nini, wala hajui kama kuna la kuogopa baadaye. Unachotafuta ni dakika yenye mimba: iliyobeba yaliyopita na ambayo bado haijazaa yanayokuja.

Kwenye hadithi hii ziko mbili nzuri. Ya kwanza ni mtoto na panzi: kijana amesimama mbele ya mama, panzi kiganjani, nyuma yao nyumba za msonge kadhaa ambazo hakuna hata moja inayofuka moshi. Utulivu wake unatisha. Ya pili, ambayo mimi ningeichagua kwa ukubwa wa 60 kwa 90, ni sekunde chache baada ya kupasua tumbo. Fikiria watu waliokaa gizani siku zote hizo. Wakitoka kwenye jua, mikono yao itafanya nini? Itapanda usoni kukinga macho. Kila mtu, mkono kwenye paji la uso. Isipokuwa mmoja: bibi kizee, mkono wake uko sikioni. Na Masalakulangwa bado hajaona, anawatazama wengine, kisu kimeinama mkononi. Hapo huhitaji maandishi. Mikono iliyokinga macho inasema walikotoka, mkono ulioshika sikio unasema yanayokuja.

Huo ndio msukumo unaouulizia. Haushuki kama ndoto. Unaisoma hadithi mara tano, sita, na kila mara unajiuliza swali la kimwili: wana kiu? Wamelowa? Macho yanauma? Majibu ya maswali hayo yanachoreka, ilhali “ushujaa” na “ukombozi” havichoreki.

Kabla ya kuchora chochote, andika picha yako kwa sentensi moja. Sam Ntiro, mchoraji wetu kutoka Kilimanjaro aliyesoma Makerere na London, ana picha ya mafuta ya mwaka 1956 iliyopo Museum of Modern Art, New York, na jina lake kwa Kiswahili ni “Wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku”. Nani, wanafanya nini, wanampelekea nani, lini: yote yamo. Ya kwako iwe hivi: “Watu wanatoka tumboni wakikinga macho, na bibi kizee anagundua hana sikio.” Ukishindwa kuiandika kwa pumzi moja, una picha mbili ndani ya fremu moja. Chagua.

Sasa zimwi. Hakuna aliyeliona, ndiyo maana wengi hulichora kama joka la katuni za kigeni. Wewe upo Mwanza, umezungukwa na mazimwi. Nenda ukayaangalie mawe, si Jiwe la Bismarck peke yake, bali hata yale ya Mabatini na Bugando yanayolaliana juu ya nyumba. Mgongo wa jiwe la mviringo, nyufa zake, michirizi myeusi ambayo maji ya mvua yameacha, ile rangi ya kijivu inayoelekea waridi jua likiwa chini: hiyo ni ngozi ya Shing'weng'we tayari. Kisha nenda mwaloni Kirumba ukamtazame samaki aitwaye kamongo, mdomo wake na ule utelezi wa ngozi unavyokamata mwanga kwa mistari myembamba. Mgongo wa jiwe ulioungana na tumbo lenye unyevu wa kamongo utaaminika, kwa sababu kila kipande umekiona kwa macho. Na usilionyeshe lote. Likikatwa na ukingo wa picha pande mbili, mtazamaji atalimalizia mwenyewe, na la kwake litakuwa kubwa kuliko lako.

Kwa mavazi na vyombo, makumbusho ya Wasukuma ya Bujora pale Kisesa yapo karibu nawe. Omba ruhusa, kaa na daftari, chora vishikio, vigoda na mapaa. Hadithi haina tarehe, lakini kitenge cha kiwandani kitaipa tarehe bila wewe kutaka.

Tukija kwenye karatasi: kata au pigia mistari vijisanduku vya sentimita 6 kwa 9, ambavyo vina uwiano uleule wa picha yako. Jaza 20, dakika tatu kila kimoja, kwa penseli laini au mkaa. Usichore vidole wala nyuso, weka madoa tu: zimwi doa hili, umati doa lile, kijana, bibi. Kumi vya kwanza vitakuwa vya kawaida, ndivyo vilivyo kwa kila mtu. Mkono huanza kuchoka na mazoea karibu na cha 12. Chagua vitatu, uvirudie kwa ngazi tatu pekee: giza, katikati, mwanga. Vipige picha kwa simu, uviangalie vikiwa vidogo kama stempu. Kama bibi haonekani hapo, hataonekana hata ukimwekea siku nne za kazi.

Hapa ndipo mchoraji wa vitabu hujikwaa, na nadhani ndipo “ukurasa uliokuzwa” unapotoka. Kwa penseli na rangi ya maji, mstari ndio unaotenganisha vitu. Kila kitu kina mzingo, na kila mzingo una nguvu sawa. Kwenye mafuta kinachotenganisha vitu ni doa jeusi dhidi ya doa jeupe. Umati uliosimama kwenye kivuli cha zimwi uwe doa moja kubwa la giza lenye vichwa vitatu vinne vinavyojitokeza, siyo watu 15 waliozungushiwa mstari mmoja mmoja. Mzingo mkali uuweke mahali pawili: mkono wa bibi sikioni, na ncha ya kisu. Kwingine kote ingiza rangi ndani ya rangi mpaka ukingo upotee.

Mwanga uuamue mapema. Mji wetu uko magharibi sana mwa ukanda wake wa saa, kwa hiyo jua la utosi hapa linafika karibu saa 7 kasorobo mchana, na linazama kwenye saa 1 kasorobo jioni. Kati ya saa 5 na saa 9 mchana vivuli vinaanguka chini ya nyusi na kuyafanya macho kuwa mashimo. Saa 11 na nusu jioni, jua likiwa juu ya ghuba upande wa Kamanga, linapiga ubavuni: nusu ya uso njano, nusu bluu. Weka zimwi lifunike sehemu ya jua, na uwazi wa tumbo uelekee kwenye mwanga. Hapo kukinga macho kunapata sababu.

Vipi utajua kivuli kinaangukaje kwenye kitu ambacho hakipo? Finyanga. Kilo 1 ya udongo wa mfinyanzi inatosha zimwi la sentimita 25 na vijitu vya sentimita 5. Viweke ndani ya boksi, zima taa, mulika kwa tochi moja kutoka pembe uliyoichagua. Ni mbinu ya zamani. Tintoretto wa Venice, karne ya 16, alifanya hivyohivyo kwa vijisanamu vya nta na udongo. Kwa mikono na nyuso waombe ndugu na majirani wakae mkao, chini ya mwanga wa pembe hiyohiyo. Ukiwapiga picha, simama mita 3 au 4 kutoka kwao kisha uvute kwa zumu. Simu ikiwa mita 1 hukuza pua na kiganja kilicho mbele, na kosa hilo linahamia kwenye kanvasi bila wewe kulishtukia.

Mchoro mdogo ukikubali, hamishia kwa miraba: kila sentimita 1 ya kijisanduku ni sentimita 10 za kanvasi. Chora kwa mkaa, pukuta vumbi, kazia mistari kwa rangi ya kahawia iliyolainishwa na tapentaini. Kabla ya hapo tengeneza jaribio la rangi la sentimita 20 kwa 30. Usiliruke hata ukiwa na haraka. Makosa ya rangi hapo yanagharimu saa mbili; kwenye kanvasi kubwa yanagharimu wiki.

Sasa vifaa, na neno linalowaponza wengi. Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi ukaomba rangi ya mafuta, utapewa kopo la rangi ya kung'aa ya milango na mageti. Siyo hii tunayoizungumzia. Edward Saidi Tingatinga alipoanza mwaka 1968 Dar es Salaam alitumia rangi ya jamii hiyo juu ya hadibodi, nayo inafaa sana kwa madoa bapa yenye rangi kali. Lakini haikubali kusukumwa na kulainishwa kwa siku mbili tatu, na ukiichanganya na rangi za tyubu matabaka yanakauka kwa kasi tofauti na kupasuka. Tina yake, yaani kiyeyushi chake, pia huyeyusha tabaka la chini. Chagua mlango mmoja.

Kanvasi unaweza kuiwamba mwenyewe kwa kitambaa kizito cha pamba. Kipake jeso, ile rangi nyeupe ya msingi, mara tatu, kila tabaka likauke kabla ya lingine, kisha kiache siku tatu. Mafuta yakigusa nyuzi tupu, yanazila taratibu mpaka kitambaa kinakuwa kikavu kama jani. Rangi nyeupe ya ukuta si badala ya jeso. Huchubuka kama chaki.

Rangi saba zinatosha: nyeupe ya titani (nunua tyubu kubwa, itaisha kwanza), njano ya oka, njano ya kadimi, nyekundu ya kadimi, siena iliyochomwa (kahawia nyekundu), amba iliyochomwa (kahawia iliyokolea), na bluu ya altramarini. Nyeusi iache dukani kwa sasa. Altramarini na amba, sehemu sawa, zinakupa weusi wenye uhai, na unaweza kuusogeza uelekee ubaridi au joto.

Siku ya kwanza paka kanvasi nzima amba na oka zilizolainishwa sana kwa tapentaini, futa kwa kitambaa mpaka ibaki rangi ya chai. Ikikauka, jenga picha yote kwa amba peke yake, ukifuta kwa kitambaa mahali pa mwanga. Isimame sasa hivi, bila rangi. Kama haisimami, rangi haitaiokoa. Amba hukauka haraka, siku 1 hadi 3, ndiyo maana iko chini. Tabaka la pili ni rangi kubwakubwa, brashi bapa ya milimita 25, ukianza na giza. Kulainisha tumia sehemu 1 ya mafuta ya kitani (linseed) kwa 2 za tapentaini. Tabaka la tatu ni nyuso, mikono, mwanga mkali, sehemu 1 kwa 1. Kila tabaka liwe nono kuliko lililo chini yake. Ukigeuza, tabaka la juu hukauka na kukakamaa wakati la chini bado linajinyoosha, na nyufa ni matokeo ya lazima.

Ngozi zetu ndizo zinazochafuliwa zaidi, kwa sababu mafundisho mengi yaliandikwa kwa ngozi za Ulaya. Ukipaka kahawia kisha ukaing'arisha kwa nyeupe, mtu anapauka kama aliyetoka kuoga bila kujipaka mafuta. Kivulini changanya siena 2 kwa altramarini 1, bila nyeupe hata chembe. Katikati tumia siena na oka, nyekundu kidogo kwenye masikio, vidole na ncha ya pua. Upande wa jua la jioni ongeza oka na njano ya kadimi, nyeupe iwe ya mwisho na kidogo. Kisha tazama mahali ambapo ngozi inaangalia anga, juu ya bega na kwenye paji la uso: pale kuna bluu. Altramarini na nyeupe, zilizopunguzwa ukali kwa siena kidogo, zikiwekwa kwa mguso mmoja na kuachwa, ndizo zitakazoifanya ngozi ing'ae. Ukirudi kuusugua mguso huo, umeupoteza.

Na hilo la kusugua ndilo matope yako. Matope hayatokani na rangi mbaya. Yanatokana na nyeupe kuingia kivulini, na brashi moja kutumika kwenye mwanga na kwenye giza bila kufutwa. Rangi nne au tano kwenye kichanganyiko kimoja humaliza kazi. Shika brashi mbili, moja ya giza, moja ya mwanga. Futa baada ya kila miguso miwili. Changanya rangi kwa kisu kwenye paleti, vilima vitano au sita kabla hujaanza, halafu weka na uache. Sehemu ikikataa mara ya tatu, ikwangue, subiri siku mbili. Mahali ambapo rangi imekauka ikafifia, hasa penye amba, pitisha utando mwembamba wa mafuta na tapentaini, ufute, mng'ao utarudi.

Kuhusu kunata: rangi ya mafuta haikauki kama nguo kwenye kamba. Hakuna maji yanayotoka, ni mafuta yanayovuta oksijeni na kugeuka kuwa utando mgumu. Mafuta ya kitani yanaweza hilo. Ya alizeti na ya mbegu za pamba, ambayo kanda yetu imejaa, yanaweza nusunusu tu, na ya karanga na mawese hayawezi kabisa. Kama ulilainisha kwa mafuta ya jikoni, jibu ndilo hilo. Kama ulitumia mafuta ya kitani, basi uliyamimina mengi, au ulipaka rangi nyekundu na nyeusi nene, ambazo ni wavivu wa kukauka, au picha ilifungiwa chumba chenye giza. Yale ya kitani yanayouzwa kwa ajili ya mbao mara nyingi yametiwa vikaushio na hugeuka njano zaidi. Kwa picha tafuta yaliyosafishwa. Brashi usizioshe kwa petroli, mvuke wake unashika moto upesi mno, na mafuta ya taa huacha utando wa grisi unaochelewesha tabaka linalofuata. Futa, suuza kwa tapentaini dirisha likiwa wazi, malizia kwa sabuni ya mche.

Vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivikunje ukavitupa kona. Hujipasha joto vyenyewe mpaka vikawaka, na studio za watu zimeungua hivyo. Vitandaze nje kimoja kimoja mpaka vikakamae, au vitie kwenye kopo la chuma lenye maji.

Kwa aliye karibu na ziwa lipo jambo ambalo hakuna kitabu cha Ulaya kitakuambia. Wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka majini kama wingu la moshi hufuata taa, na rangi mbichi ni gundi. Usichore usiku mlango ukiwa wazi. Wakishatua, usiwafute, utawasaga kwenye ngozi ya bibi. Waache wakauke na rangi, kisha uwatoe kwa ncha ya wembe.

Vanishi subiri miezi 6 kwa rangi nyembamba, mwaka kwa nene. Na ile picha ya pili iweke kwenye chumba chenye mwanga na hewa kwa wiki nne, isipigwe na jua moja kwa moja. Ikianza kukaza, iache iendelee. Ikibaki vilevile, usipake kitu juu yake, maana chochote utakachokiweka kitapasuka. Ng'oa kitambaa, bakiza fremu, wamba kipya, na udongo wa zimwi uulowanishe leo.